Tasnifu, zamu za usiku na ile namba 384

SWALI: Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa kwanza wa MMed (shahada ya uzamili ya kusomea ubingwa) ya radiolojia hapa Dar es Salaam. Asubuhi niko chumba cha ultrasaundi, mchana tunasoma CT na wasimamizi, halafu kuna zamu za usiku. Nasikia Uingereza wapo madaktari wa ngazi yetu wanaopewa muda rasmi wa utafiti. Sisi tasnifu inadaiwa na muda haupo. Nataka kupima kama ultrasaundi inatosha kutambua ugonjwa wa kidole tumbo kabla ya upasuaji. Mwenzangu ameniambia sampuli ni 384. Je, ni sawa, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, daktari. Hao wa Uingereza wapo kweli: robo ya muda wao ni ya utafiti, robo tatu ni ya kazi ya hospitali. Wewe robo hiyo huna, na ukingoja uipate utamaliza mwaka wa tatu ukiwa na utangulizi tu wa tasnifu. Kwa hiyo chagua swali ambalo data yake inajikusanya wakati unafanya kazi ambayo ungeifanya hata hivyo. Ultrasaundi ya tumbo ni kazi yako ya kila asubuhi, kwa hiyo hapo umelenga vizuri.

Sasa hiyo 384. Inatoka kwenye fomula ya kukadiria ukubwa wa tatizo katika jamii, ukiweka asilimia 50 kwa sababu hujui kitu, na kosa la asilimia 5. Wewe hupimi ukubwa wa tatizo, unapima uwezo wa kipimo kuwakamata wenye ugonjwa. Anza kuhesabu wagonjwa wenyewe. Tuseme unategemea ultrasaundi iwakamate asilimia 90, na unakubali kukosea kwa asilimia 7 juu au chini. Unahitaji watu 71 ambao kweli wana ugonjwa. Kama katika kila watu 100 wanaoletwa na maumivu ya tumbo kulia chini, 20 ndio wenye ugonjwa, gawanya 71 kwa 0.2: unapata 355. Inakaribia 384, lakini kwa bahati tu. Wenye ugonjwa wakiwa 10 katika 100, inaruka hadi 710.

Lakini shida kubwa ya swali lako si hesabu, ni nani atakayekuambia ukweli. Mimi nilitumbukia humo humo nikisomea ubingwa. Niliamua jibu la mwisho liwe lile la daktari wa upasuaji na la patholojia. Miezi ikapita, nafungua jedwali langu, nakuta karibu wote waliopasuliwa ni wale ambao mimi mwenyewe niliandika kwamba wana ugonjwa. Nilioandika hawana walipewa dawa ya maumivu wakaenda nyumbani, na sikujua kilichowapata. Kipimo changu kilionekana hodari ajabu! Msimamizi aliangalia jedwali mara moja, akaniuliza, “Hawa wengine wako wapi?” Sikuwa na jibu. Nilibadilisha swali na miezi ile ikaenda bure.

Kwa hiyo ambaye hakupasuliwa mpigie simu baada ya siku 30, umuulize kama alipasuliwa kwingine au maumivu yalirudi. Hilo liingie kwenye pendekezo la utafiti na kwenye fomu ya ridhaa tangu mwanzo, maana ukilikumbuka katikati itabidi urudi kamati ya maadili. Na usimguse mgonjwa wa kwanza kabla kibali hakijatoka.

Fomu ya kukusanyia data iwe ukurasa mmoja, uijaze ukiwa umeshika probu (kile kifaa cha ultrasaundi kinachopitishwa tumboni), kabla hujasikia habari za chumba cha upasuaji. Kipenyo cha nje cha kidole tumbo kwa milimita (wengi hutumia zaidi ya 6), je, kinabonyea ukikandamiza, kuna majimaji pembeni, kuna kijiwe ndani. Halafu safu ambayo karibu kila mtu huisahau: kidole tumbo hakikuonekana. Gesi, mafuta, au kimejificha nyuma ya utumbo mpana. Hao usiwatupe wala usiwahesabu kimya kimya kama wazima. Waandike, idadi yao itajwe kwenye matokeo. Mtahini mwenye uzoefu huanzia hapo.

Chukua pia picha kama 100 zisomwe na mwenzako bila kuona ripoti yako, mpime mnavyokubaliana. Msije mkaandika asilimia peke yake. Chukua mfano: picha 85 nyote mmesema hakuna ugonjwa, 5 nyote mmesema upo, na 10 mmetofautiana, tano kila upande. Mmekubaliana asilimia 90, inapendeza. Ila kwa bahati nasibu tu mngekubaliana asilimia 82, kwa hiyo kappa yenu, yaani kipimo cha makubaliano ukishaondoa yale ya bahati, ni 0.44. Ya wastani.

Kuhusu picha: kufuta jina kwenye kichwa cha faili la DICOM (aina ya faili ambamo mashine za hospitali huhifadhi picha) hakutoshi kwa ultrasaundi, kwa sababu mashine nyingi huliandika jina juu ya picha yenyewe. Likate au lifunike. Na tafadhali, zile za kupiga kwa simu na kutupia kwenye kundi la WhatsApp ziache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi.

Kabla ya yote hayo, wiki nne zijazo fungua rejesta ya ultrasaundi uhesabu, bila majina, wanaoletwa kwa maumivu ya tumbo kulia chini. Wakiwa 15 kwa wiki, watu 355 utawapata kwa miezi sita hivi. Wakiwa 6, ni wiki 59, na hapo mwone msimamizi wako mapema mzungumze kuhusu swali jingine, au kuhusu kuomba hospitali ya pili iingie.