Kabla hujalichinja trekta la spea

Huku Kanda ya Ziwa, anayenunua trekta dogo bovu mara nyingi hulinunua ili alichinje. Unalo moja linalosuasua shambani, halafu unaona jingine limelala nyuma ya ghala Nyakato au Kisesa: rejeta imetoboka, kiti hakipo, na mwenyewe anataka bei inayokaribiana na ya chuma chakavu. Unalipakia kwenye kenta, mnaondoka. Langu la dizeli, la Kijapani, silinda mbili, nililinunua kwa nia hiyohiyo. Nilikuwa natafuta giaboksi na mikono ya haidroliki. Leo lile la kwanza ndilo limekuwa stoo ya spea, na hili lililokuja kuchinjwa ndilo linalolima.

Ushauri wangu ni kwamba usilihukumu trekta kwa injini. Injini iliyokwama inatisha kuiangalia, lakini ringi, gasketi na beringi zake hutafutwa zikapatikana, na silinda huchongwa. Kinachoua trekta dogo ni kile usichokipata dukani, kama kasha la giaboksi lililopasuka au gia iliyokatika meno. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza "inawaka?" Anzia chini.

Legeza nati ya kumwagia oili ya giaboksi taratibu, karai likiwa tayari. Kama kuna maji yatatangulia, maana ni mazito kuliko oili. Yasikutishe sana. Matrekta haya huingiza mvua kupitia mpira wa fimbo ya gia ukichanika, na mengi yanatumia oili moja kwa giaboksi na haidroliki. Likikaa nje masika nzima, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo inamwagwa, unasafisha, unaweka nyingine. Angalia chuma kilichobaki chini ya karai. Unga laini ni uchakavu wa kawaida, ila ukikuta kipande chenye kona, hilo ni jino la gia au beringi iliyosagika, na hapo kweli una trekta la kuchinja.

Injini ikiwa imekwama, usikubali mtu alivute kwa gari huku gia imeingia. Huo ndio mchezo wa kila kijiwe cha mafundi, na ndio unaopinda konrodi. Toa nozeli zote mbili kwanza. Ndani ya silinda kunaweza kuwa na maji, na maji hayabanwi. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi za otomatiki, acha iloweke siku kadhaa huku ukiongeza kidogokidogo. Kisha shika nati ya puli ya mbele kwa spana ndefu, peleka kushoto, rudisha kulia, bila papara. Siku itakayosogea upana wa kidole umeshinda, kwa sababu kinachobaki ni uvumilivu tu.

Fundi wa kazi hii si lazima awe wa magari. Mimi nilimtafuta mzee anayetengeneza mashine za kusaga. Watu hawa wameshinda maisha yao na dizeli za polepole zisizo na kompyuta yoyote, na wanasikia kompresheni kwa mkono. Alizungusha puli mara chache akasema, "Ng'wanawane, hii haijafa, imelala njaa." Alimaanisha mafuta. Tangi lilikuwa na kutu na maji, filta imeziba, nozeli moja inakojoa badala ya kupuliza. (Nozeli ikipimwa usiweke kidole mbele yake. Dizeli inatoka kwa msukumo wa zaidi ya bar 100 na inapenya ngozi.) Baada ya kusafisha tangi na kubadili filta, toa upepo kwa mpangilio: kwenye filta, kisha pampu ya dizeli, mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli huku stata ikizungusha hadi dizeli itoke bila mapovu.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Dizeli haina cheche ya kuzima. Pampu iliyokaa miaka inaweza kuganda ikiwa imefungua mafuta yote, na injini ikishika inapanda mwendo hadi ijivunje. Hakikisha fimbo ya kuzimia inacheza mpaka ndani ya pampu, siyo nje tu. Toa kasha la kichujio cha hewa, na msaidizi asimame na kipande cha ubao bapa cha kuziba mdomo wa hewa. Usitumie kitambaa, kitamezwa. Wala usitumie mkono.

Spea. Ukiingia dukani mjini na kutaja jina la trekta la Kijapani lililoingia kama mtumba, utaambiwa haipo hata kabla hujamaliza sentensi. Usitaje trekta. Fungua beringi, ifute, soma namba. 6205 ni 6205 popote: tundu milimita 25, nje 52, upana 15. Muuzaji hana haja ya kujua inaenda kwenye trekta, pampu ya maji au mashine ya kukoboa. Sili za oili nazo zimeandikwa vipimo, mikanda vilevile. Kitu kisicho na namba, kama bushi ya ekseli ya mbele, peleka kwa fundi wa kukereza pamoja na kile kinachoingia ndani yake, apime vyote viwili. Stika za Kijapani zilizo karibu na fimbo usizibandue. Zipige picha, simu inatafsiri, na hapo ndipo utajua kasi ya PTO, shafti ya nyuma inayozungusha zana, ni ipi.

Rangi? Paka ukipenda. Mimi bado.

Na usilipatie kazi ya trekta kubwa. Nguvu farasi kumi na kitu zinatosha kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga, hata kwa rotaveta, lile jembe la kuzunguka. Mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, ikiwa imekauka ni ukuta. Subiri vuli ilainishe. Kwenye majaruba ya mpunga kagua sili za ekseli ya mbele kila jioni, tope hupenyea hapo. Na kama shamba lako linashuka ziwani, kumbuka mita 60 kutoka ukingo wa maji si zako kulima, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Oili ya kwanza baada ya ufufuo imwage mapema, hata kama inaonekana safi, kwa sababu imebeba kutu na masizi ya miaka. Usiimwage karibu na maji. Mimi nampa jirani anayejenga banda la ng'ombe, anapaka nguzo kuzuia mchwa, na kila wiki ananiuliza lini nabadilisha tena.