Hali, mtindo au modi? Kiswahili cha kufumba data za mtandao

Swali: Ninaandaa mwongozo wa IPsec (taratibu za kulinda pakiti za mtandao) katika Linux kwa wanafunzi wanaosoma kwa Kiswahili. Nimeandika hivi: "Chagua hali ya usimbaji ya CBC au GCM, kisha washa hali ya handaki, data itakuwa imesimbwa, hivyo ni salama. Hakikisha kianzio ni cha kipekee." Mwenzangu anadai kwamba "hali" na "simba" hayafai hapa. Je, ana haki?

Jibu: Kuhusu "hali" ana haki kabisa. Hali ni jinsi kitu kilivyo kwa wakati fulani, ndiyo maana tunasema hali ya hewa na hali ya mgonjwa, na hata "hali ya ndegeni" kwenye simu haisumbui sikio, kwa sababu simu huingia katika hali hiyo na kutoka. CBC na GCM si hali ambazo AES, kanuni ya kufumba data, huingia na kutoka. AES, iliyopitishwa kuwa kiwango cha serikali ya Marekani mwaka 2001, ina kazi moja tu: hupokea bloku ya biti 128, yaani baiti 16, na kuigeuza kwa kutumia ufunguo. Kwa kuwa pakiti ya kawaida ya mtandao hubeba baiti zaidi ya elfu moja, lazima uwepo utaratibu wa kuitumia AES bloku baada ya bloku, na utaratibu huo ndio unaoutafutia jina. Mimi ningeuita mtindo. "Namna" nalo lafaa, ila wingi wake hauonekani, ilhali "mitindo" hutamkwa wazi.

"Modi" huwatosha mafundi wanapozungumza, lakini katika mwongozo wako haliondoi tatizo. IPsec ina handaki, ambapo pakiti nzima hutiwa ndani ya pakiti nyingine, na ina uchukuzi, ambapo kichwa cha pakiti ya awali hubaki nje. Ukikiita kila kitu modi, au kila kitu hali, mwanafunzi atadhani kwamba GCM na handaki ni vitu vya aina moja anavyotakiwa kuchagua kimojawapo. Acha "hali" kwa handaki na uchukuzi, ambako maana ya jinsi muunganisho ulivyo bado ipo, na utumie "mtindo" kwa CBC na GCM. Mpangilio wa maneno nao uzingatiwe: ndani ya Linux jina huandikwa cbc(aes), mtindo nje na AES ndani, kwa hiyo "AES kwa mtindo wa CBC" ni sahihi kuliko "CBC ya AES".

Kuhusu "simba" mwenzako amekaza kamba kupita kiasi. Usimbaji umekwisha kuenea, na Watanzania wengi wana kisimbuzi kando ya televisheni bila kumfikiria mnyama. Hata hivyo msimbo ni alama yoyote iliyokubaliwa, ikiwemo isiyoficha kitu, na ndiyo sababu watu hulazimika kuongeza "fiche" baada ya usimbaji. "Fumba" halihitaji nyongeza hiyo, na lina kinyume chake cha asili, kama funga na fungua, ziba na zibua: anayefumba, mwenzake hufumbua. Zaidi ya hayo, methali inatupa kitenzi cha tatu tunachokihitaji sana katika fani hii: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mwenye ufunguo hufumbua; asiye na ufunguo akaupata ujumbe kwa werevu wake ameing'amua siri, hakufumbua. (Wauzaji wa ving'amuzi watanisamehe, maana chombo chao hufumbua kwa ruhusa.)

Tofauti hiyo inakusaidia kueleza kwa nini mtindo wa ECB haufai kwa pakiti. Humo kila bloku hufumbwa peke yake, hivyo bloku mbili zinazofanana kabla ya kufumbwa hufanana pia baada ya kufumbwa. Msikilizaji wa mtandao hana ufunguo na hawezi kufumbua, lakini anang'amua kwamba kitu kile kile kimetumwa tena, na wakati mwingine hilo latosha.

Kasoro kubwa ya sentensi yako, kwa maoni yangu, ni kiunganishi "hivyo". CBC huficha maudhui lakini haithibitishi kwamba hayakuguswa njiani. Mwaka 2008 watafiti wa Royal Holloway, London, walionyesha jinsi CBC ilivyotumika katika SSH, itifaki ya kuingia kwa usiri katika kompyuta ya mbali, inavyoweza kuvujisha sehemu ya ujumbe. Mwaka uliofuata OpenSSH, programu ya kutumia SSH, ikatanguliza CTR, mtindo mwingine, na toleo la 6.7 la mwaka 2014 likaiondoa CBC katika orodha ya kawaida ya seva. CTR yenyewe haithibitishi: ukigeuza biti moja ya kilichofumbwa, biti ile ile hugeuka katika kilichofumbuliwa, na mpokeaji asijue. GCM hufanya yote mawili, kufumba na kuthibitisha. Basi tenganisha usiri na ukamilifu wa data. Ninasema ukamilifu kwa kusudi, kwani baadhi ya waandishi hutumia "uadilifu", nao uadilifu ni sifa ya hakimu au mhasibu; pakiti haina dhamira ya kuadilika.

Mwisho ni "cha kipekee". Neno hili siku hizi husifia hata vitambaa vya mapazia, na hapa linafunika masharti mawili tofauti. Kianzio ni thamani inayoingizwa pamoja na ufunguo mwanzoni mwa kufumba. Kianzio cha CBC hakina budi kuwa kisichotabirika. Kianzio cha GCM chaweza kutabirika, hata kikawa namba inayohesabiwa moja, mbili, tatu, mradi kisirudiwe kamwe chini ya ufunguo ule ule; kikirudiwa, uhusiano kati ya jumbe mbili zilizokitumia hufichuka na uthibitishaji nao huweza kughushiwa. Kauli ya kutendeka (kisichotabirika) na kauli ya kutendwa (kisirudiwe) zimebeba tofauti hiyo zenyewe, kwa hiyo ziachie kazi.

Ningeiandika hivi: "Weka muunganisho katika hali ya handaki na uchague AES kwa mtindo wa GCM, ambao hufumba data na kuthibitisha ukamilifu wake, kianzio kisirudiwe chini ya ufunguo mmoja. Ukilazimika kutumia CBC, ongeza uthibitishaji, na kianzio kiwe kisichotabirika."