Anthony Benezet: kutoka mapipa hadi ubao wa darasa
Umeuliza kama kuna fundi wa Marekani ya kale aliyegeuka mwalimu. Msome Anthony Benezet. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1713, familia ikakimbia mateso ya dini, ikafika Philadelphia mwaka 1731. Alijifunza ufundi wa mapipa, lakini kazi ile nzito haikuufaa mwili wake. Mwaka 1739 akaanza kufundisha Germantown, karibu na Philadelphia. Mimi namheshimu zaidi kwa jambo hili: kuanzia mwaka 1750 alifundisha watoto weusi jioni, nyumbani kwake, na mwaka 1770 Wakwekeri, kundi la Kikristo, wakawafungulia shule kwa juhudi zake. James Forten, mwanaharakati mweusi maarufu, alisoma hapo. Maandishi ya Benezet dhidi ya utumwa yalimwamsha Thomas Clarkson, mpinzani wa biashara ya watumwa kule Uingereza.