Mwanangu, kuhama timu si aibu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema timu ya daraja la pili Oman imekupa ofa ya msimu mmoja, na unaniuliza: "Mama, nikienda si nitakuwa kama yule Mbrazili Fraga aliyechezea Simba, leo huku kesho kule, mwisho sijulikani kwetu wala ugenini?"

Sijapenda ulivyomtaja.

Mwaka 2009 Brazil ilipokwenda Nigeria kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, nahodha alikuwa huyo huyo Gerson Fraga Vieira. Kikosini walikuwamo Neymar, Philippe Coutinho, Casemiro na Alisson. Walitolewa hatua ya makundi, wakifungwa na Mexico na Uswisi. Wenzake wakaja kufika Barcelona, Real Madrid na Liverpool. Yeye alikulia Grêmio ya Porto Alegre, kisha akaenda India kuchezea Mumbai City, timu iliyoongoza msimamo wa ligi mwaka 2016 ikiwa na mshambuliaji wa Uruguay, Diego Forlán. Akapita Japan, Renofa Yamaguchi ya daraja la pili, akarudi India kwa ATK ya Kolkata, ndipo 2019 akatua Msimbazi, kwa Simba.

Wapo wanaosema huko ni kushuka. Hawajui hali ya kwao. Klabu nyingi ndogo za Brazil hucheza ligi ya jimbo miezi michache ya mwanzo wa mwaka, baada ya hapo hazina mechi, na mchezaji anakaa nyumbani bila mshahara. Anayefunga safari anakwenda kutafuta kazi ya mwaka mzima. Kuna ubaya gani hapo?

Walikuja Wabrazili watatu msimu ule. Wilker na Tairone hawakudumu. Fraga alidumu kwa sababu alikubali kazi aliyopewa. India alikuwa beki wa kati. Sisi tulimzoea kama kiungo mkabaji. Nilikuwa nikimtazama pale Uwanja wa Taifa mpira ukiwa upande wa pili kabisa: macho yake yalikuwa kwa mshambuliaji wao, anasogea hatua mbili kushoto, anaziba njia ya pasi, hakuna anayempigia makofi. Akiupokonya mpira, pasi fupi kwa kiungo mwenzake Chama, anarudi mahali pake. Simba ikabeba ligi mara ya tatu mfululizo na Kombe la FA juu yake. Mimi namhesabu katika waliotupa makombe yale, na mwanamume huyo alikuwa maelfu ya kilomita kutoka kwa mama yake.

Kisha mwanzoni mwa msimu uliofuata goti likaumia, na safari yake Msimbazi ikaishia hapo.

Hilo goti ndilo linaloninyima usingizi mimi, wala si kuhama kwako. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza: ukiumia, nani analipa matibabu, na mshahara unaendelea mpaka lini? Yaandikwe, usikubali maneno ya wakala kwenye simu. Wakikuambia mkataba utaanza ukifaulu vipimo vya afya au ukipata kibali cha kazi, kataa. Kanuni za FIFA haziruhusu sharti hilo. Wakupime kwanza, msaini baadaye. Na wakikaa na mishahara yako ya miezi miwili bila haki, waandikie kuwadai na uwape siku 15. Wasipolipa, kanuni zinakuruhusu kuvunja mkataba. Weka nakala ya kila barua. Pasipoti yako ikae kwako, asikuambie mtu kwamba ofisi ndiyo inayoitunza.

Kuhusu kujulikana, sikiliza. Wewe ni kiungo mzuri unayesugua benchi hapa Dar kwa sababu mbele yako kuna watu watatu. Ukipata mechi za msimu mzima utarudi mchezaji mwingine, iwe unarudi kwetu au unaitwa nchi nyingine tena. Ukiitwa, nenda. Mimi sitaona haya kumwambia mtu kwamba mwanangu anacheza Salalah huko Oman, wala Kolkata.

Baba yako bado ananung'unika, niachie mimi.

Nitumie picha za kurasa zote za mkataba, na zile za Kiarabu pia. Mama mdogo aliyeishi Maskati anakuja Jumapili, tutazisoma naye. Mpaka nikupigie, usisaini kitu.

Mama yako