Maswali ya Wasomaji: Joto la Tabora, Maji ya Kigoma na Vyombo vya Ulinzi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasikia helikopta ya jeshi hubeba watu wachache saa nane mchana kuliko saa moja asubuhi, na Oktoba ndiyo balaa. Chombo kilekile, rubani yuleyule. Kuna ukweli?
Msomaji, Cheyo, Tabora

JIBU: Marahaba. Ni kweli, na hesabu yake unaiweza. Uwanja wa ndege wa Tabora uko mita zipatazo 1,180 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha marubani, kimo hicho kinatarajiwa kuwa na nyuzi 7 za joto. Kila nyuzi inayozidi, hewa hupungua uzito kana kwamba umepanda mita 36 zaidi. Asubuhi ya nyuzi 19, chombo huruka kama kiko mita 1,600. Mchana wa nyuzi 33, kama mita 2,100. Panga zinakata hewa nyepesi, injini nayo inavuta hewa haba. Basi apunguzwe mtu, au mafuta.

Kosa linaloua ni hili: rubani ananyanyuka, chombo kinatulia mita mbili kutoka chini, anadhani uzito umemkubali. Kumbe pale anabebwa na hewa inayosukumwa na panga ikazuiwa na ardhi. Akifika juu ya miembe msaada ule haupo tena, chombo kinaanza kuzama. Ndiyo maana nguvu hupigiwa hesabu ya kusimama hewani juu ya miti. Joto likiongezeka nyuzi 2 tu, hizo ni mita nyingine 70 na zaidi.

SWALI: Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2024 tuliona maji yanavyomeza ufukwe. Boti za doria si zinahamishwa tu? Hatari nyingine ni ipi?
Msomaji, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Boti ni jambo jepesi, gati la kuelea hupanda na maji. Ogopa tangi la mafuta lililozikwa karibu na ufukwe. Tangi la lita 10,000 likizungukwa na maji ya ardhini husukumwa juu kwa nguvu ya tani 10 hivi. Likiwa tupu halifiki hata tani 2, na hata likijaa dizeli, pasipo udongo wa juu, linaweza kuelea. Likiinuka kidogo tu, mabomba hukatika kwenye maungio.

Dawa yake ni zege na mikanda ya chuma. Zege likiwa ndani ya maji hubakiwa na tani 1.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mita 6.5 za ujazo zinatosha kulishika tangi hilo tupu. Bomba la kupumulia la tangi lirefushwe, maji yasiingie. Wala msingoje kiangazi kimoja kishushe maji: ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi huondoka kwa mvuke, polepole.

Maji yakishaingia kwenye tangi hutuama chini ya dizeli, palepale pampu inapovutia. Kabla ya kujaza boti, tumbukiza fimbo ya kupimia iliyopakwa dawa ya kugundua maji. Ikibadilika rangi, usijaze.