Kapteni anapoanza kusema yasiyoshikana: kwa marubani wasaidizi na wahudumu wapya

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya anga, kwenye simulata, mashine ya kuigiza urukaji, mtafundishwa injini kuzima, moshi, na rubani aliyezimia kitini. Aliyezimia hana ugumu kumtambua. Unamwita hajibu, unarudia hajibu, unashika usukani na kutangaza kwamba umeushika. Aliyeugua akili hazimii. Anajibu, anabishana, na huenda ndiye mwenye mistari minne begani, yaani kapteni mwenyewe. Kwa hiyo usisikilize tu kama amejibu. Sikiliza kama jibu linaendana na ulichouliza.

Isomeni safari ya Air Canada ya Januari 2008, Toronto kwenda London. Rubani msaidizi alichelewa kufika, kapteni akaiandaa ndege mwenyewe. Wakiwa angani msaidizi akaanza mazungumzo yasiyo na kichwa wala miguu. Kapteni hakugombana naye, alimshauri akapumzike. Aliporudi hali ilikuwa imezidi: hata mkanda hakufunga. Hapo kapteni akaamua. Wahudumu wakaitwa kumtoa, na mmoja wao akaumia kifundo cha mkono kwenye purukushani hiyo. Madaktari wawili waliokuwa miongoni mwa abiria wakamhudumia mgonjwa. Ikaulizwa kama kuna rubani mwingine ndani ya ndege. Hakuwepo, ila mhudumu mmoja alikuwa na leseni ya urubani ambayo hakuwa akiitumia. Akakaa kiti cha kulia, akamsaidia kapteni mpaka wakatua salama Shannon, Ireland.

Angalieni pale mwanzo: alichelewa. Tarehe 27 Machi 2012, kapteni wa JetBlue aliyekuwa akitoka New York kwenda Las Vegas naye alichelewa, akakikosa kikao cha wafanyakazi kabla ya safari. Huko juu akaanza kuhubiri, kisha akamwambia msaidizi wake kwamba Las Vegas hawafiki. Alipotoka kwenda chooni, msaidizi alimwingiza kapteni mwingine aliyekuwa akisafiri kama abiria, akafunga mlango wa chumba cha marubani. Mgonjwa akaugonga na kupiga kelele, abiria wakamdhibiti kwa mikanda, ndege ikatua Amarillo, Texas.

Sisemi kila anayechelewa anaumwa, tungebaki bila marubani. Nasema mjue mwenzako wa kila siku yukoje, ili ujue leo kimebadilika nini. Nilipokuwa msaidizi mchanga niliruka na kapteni mmoja hodari, mtu wa utani mwingi. Asubuhi moja hakutania. Akasoma mstari mmoja wa orodha ya ukaguzi, kidole kimesimama palepale, akausoma tena, na tena. Nikaona, nikanyamaza. Tumelelewa kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa, na mimi nikaita woga wangu heshima. Tulifika salama, lakini jioni nilisikia kwamba alikuwa na siku nne hajalala tangu amzike mwanawe. Ningepaswa kumwambia tungali chini: "Mzee, leo sikuoni sawa. Tuombe rubani mwingine." Maneno hayo hayana tusi ndani yake.

Na ni heri yasemwe chini, au juu sana. Tarehe 9 Februari 1982, ndege ya Japan Airlines ikiwa inakaribia kutua Haneda, uwanja wa Tokyo ulio kando ya bahari, kapteni aliyekuwa mgonjwa wa akili aliisukuma ielekeze pua chini na kugeuza injini zisukume kinyume. Wenzake wawili walipambana naye, mmoja akivuta usukani, lakini maji yalikuwa karibu mno. Watu 24 walikufa kati ya 174. Shannon na Amarillo walikuwa na muda kwa sababu walikuwa na kimo.

Wahudumu, ule mlango uliowaokoa wa Amarillo ndio uliowafungia nje marubani wasio na kosa. Kapteni wa ndege ya Germanwings, shirika la Ujerumani, 24 Machi 2015, alitoka kidogo tu. Msaidizi wake akafunga na kuipeleka ndege mlimani Ufaransa, watu 150 wakafa. Kabla ya hapo, Novemba 2013, ndege ya LAM, shirika la Msumbiji, ilianguka Namibia na watu 33, safari hiyo msaidizi ndiye aliyefungiwa nje. Basi ukiambiwa uingie ndani wakati rubani mmoja ametoka, acha vikombe, ingia, ubaki mpaka arudi. Ukiona jambo, mwambie kiongozi wako saa hiyohiyo.

Yule msaidizi wa Germanwings alikuwa ameandikiwa na daktari asiende kazini, akaficha. Woga wa kupoteza leseni ninaujua, lakini milango imeanza kufunguka: Marekani tangu 2010 inawaruhusu marubani wanaotumia baadhi ya dawa za sonona kuruka chini ya uangalizi, na Ulaya tangu 2021 mashirika yanalazimika kuwa na mpango wa marubani kusaidiana. Siku ya kwanza kazini, ulizeni kwenu ni nani wa kupigiwa simu usiku.

Kapteni wangu alikuja kupumzishwa miezi kadhaa, akatibiwa, akarudi. Nimeruka naye mara nyingi baada ya hapo, na utani wake ulirudi pia.