Kwa nini uzi wa poliesta unajikaba shingo ukivutwa kwa spidi kubwa

Mkuu umeuliza kwa nini uzi wa poliesta ukivutwa kwa spidi kubwa haukondi polepole bali unakonda ghafla sehemu moja. Hapo ndo utamu wote ulipo.

Iko hivi, plastiki iliyoyeyuka inatoka kwenye vitundu vidogo ikiwa na joto la kama digrii 290, chini kuna rola inaivuta na pembeni inapulizwa hewa ya kupoza, sasa kwa mita 3,000 hivi kwa dakika uzi unakonda taratibu kama asali inayodondoka toka kwenye kijiko, unaganda ukishuka kwenye digrii 70 au 80, molekuli zimejilaza upande mmoja kiasi tu na fuwele (yaani sehemu ambazo molekuli zimejipanga kwa mpangilio na kushikana) karibu hakuna, ndo maana inabidi uvutwe tena baadaye.

Panda mpaka mita 5,000 na kuendelea uone. Watu wengi wanadhani ni rola tu inayovuta, kumbe hewa nayo inaukwaruza uzi mwili mzima na hiyo nguvu ni kubwa mno, molekuli zinanyooshwa hadi uzi unashindwa kuhimili, unakonda ghafla kama shingo ndani ya umbali mdogo sana, na papo hapo fuwele zinajijenga zinaufunga, kuanzia hapo haukondi tena unakimbia na spidi ya rola.

Ila ukizidisha sana, ngozi ya nje inapoa mapema na kubeba mvutano wote huku kiini kikiwa bado legelege, uzi unaanza kukatikakatika.